Kaibiwa au Kashindwa? Jinsi Refa na Majaji Wanavyoamua Ngumi za Kulipwa

Usiku wa pambano kubwa la ngumi, simu ya studio yetu haipumziki. Ujumbe unaingia kutoka kila upande, na mwingi una neno moja tu: "Kaibiwa!" Yupo anayesema refa kahongwa, yupo anayesema majaji walikuwa wamelala, na yupo anayeapa kwamba hatasikiliza tena ngumi maishani mwake. Wiki inayofuata huyohuyo ndiye wa kwanza kuuliza pambano linaanza saa ngapi.

Hatuwacheki wasikilizaji hawa. Bondia anaweka mwili wake rehani. Anafanya mazoezi kwa miezi, anajinyima chakula ili uzito ukae sawa, halafu jasho lake lote linaamuliwa na watu watatu waliokaa pembeni ya ulingo wakiwa na kalamu. Wakikosea, wao wanarudi hotelini kulala. Yeye anapoteza rekodi, mkanda na pengine malipo ya pambano linalofuata. Kwa hiyo swali la haki katika ngumi ni swali la riziki ya mtu, na kama tutakavyoona, wakati mwingine ni swali la uhai wake.

Lakini kuna jambo ambalo na sisi inabidi tulikiri. Wengi wenu mnafuatilia pambano kwa redio, na mnachokiona ni kile anachosema mtangazaji. Mtangazaji akipandisha sauti kila mara bondia wetu anaporusha mkono, hata ngumi iliyoishia kwenye glovu za mpinzani inasikika kama imevunja taya. Ninyi mnahesabu ngumi ambazo majaji hawakuzihesabu kwa sababu hazikufika. Matokeo yakitangazwa mnahisi mmeibiwa, kumbe hesabu mbovu mliipata kwetu. Makala hii ni njia yetu ya kulipa deni hilo. Tunaeleza nani anaamua nini ulingoni, pointi zinahesabiwaje, na ni wakati gani malalamiko ya wizi yana msingi.

Refa ni mmoja, majaji ni watatu

Watu wengi wanapolaumu, humlaumu refa kwa sababu ndiye wanayemwona. Katika mapambano mengi ya kulipwa siku hizi, hasa ya ubingwa, refa hatoi pointi kabisa. Kazi yake ni kusimamia sheria ndani ya ulingo. Anawatenganisha mabondia wanapokumbatiana, anaonya anayepiga chini ya mkanda, kisogoni au kwa kichwa, anahesabu aliyeangushwa, na anasimamisha pambano anapoona mmoja hawezi tena kujilinda. Anaweza pia kuamuru bondia akatwe pointi kwa kosa, naye huwageukia majaji na kuwaonyesha waziwazi ili waandike.

Wanaotoa pointi ni majaji watatu. Kila mmoja anakaa upande wake wa ulingo na kuandika peke yake. Hawaruhusiwi kushauriana. Kila raundi ikiisha, karatasi zao hukusanywa na kupelekwa kwa msimamizi. Ndiyo maana jaji hawezi kusubiri mwisho ndipo aamue anampenda nani, maana raundi iliyopita imeshaondoka mikononi mwake.

Haikuwa hivyo kila mahali. Uingereza, kwa miaka mingi, refa ndiye aliyekuwa jaji pekee hata katika mapambano makubwa. Machi 1971 jijini London, kijana Joe Bugner alimshinda Henry Cooper, bondia aliyependwa mno na Waingereza, kwa tofauti ya robo pointi tu. Aliyeandika robo hiyo alikuwa mtu mmoja, refa Harry Gibbs. Cooper akastaafu, na ubishi ukabaki. Kuwa na majaji watatu ni jaribio la kupunguza uzito wa macho ya mtu mmoja.

Pointi zinahesabiwaje?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ukipaelewa utasikiliza ngumi kwa sikio jingine.

Kila raundi inahesabiwa peke yake. Aliyeshinda raundi anapata pointi 10. Aliyeshindwa kwa kawaida anapata 9. Kama katika raundi hiyo ameangushwa mara moja, kwa kawaida anapata 8, na akiangushwa mara mbili anapata 7. Raundi ya sare, yaani 10 kwa 10, inawezekana, ila majaji wengi wanafundishwa kuikwepa.

Jaji anaangalia mambo manne. La kwanza na kubwa ni ngumi safi zilizofika mahali panaporuhusiwa, kichwani kwa mbele na pembeni au mwilini juu ya mkanda, na uzito wa ngumi hizo. La pili ni kushambulia kwenye faida. Kumfuata mpinzani huku unapigwa wewe hakukupi pointi. La tatu ni nani anatawala ulingo na kulifanya pambano liende anavyotaka. La nne ni kujilinda.

Sasa tufanye hesabu. Pambano la raundi 12, hakuna aliyeangushwa wala kukatwa pointi. Bondia wa kona nyekundu ameshinda raundi 7, wa kona ya bluu ameshinda 5. Mwekundu ana 70 za raundi alizoshinda na 45 za raundi alizopoteza, jumla 115. Wa bluu ana 50 na 63, jumla 113. Kwa hiyo ukisikia 115 kwa 113, maana yake ni raundi 7 kwa 5. Ukisikia 116 kwa 112, ni 8 kwa 4. Ukisikia 118 kwa 110, ni 10 kwa 2. Na 114 kwa 114 ni sita kwa sita.

Ukishajua hivyo, matangazo ya matokeo yanaacha kuwa nambari tupu. Jaji aliyesema 115 kwa 113 amekuambia pambano lilikuwa jembamba, na raundi moja tu ingehama, matokeo yangekuwa sare. Jaji aliyesema 118 kwa 110 amekuambia mmoja alimtawala mwenzake usiku kucha.

Majaji wote watatu wakimpa mtu mmoja, ushindi ni wa kauli moja. Wawili wakimpa huyu na mmoja akampa yule, ushindi ni wa majaji waliogawanyika. Wawili wakimpa huyu na wa tatu akaona sare, ni ushindi wa wengi. Mmoja akampa huyu, mmoja akampa yule na wa tatu akaona sare, basi pambano zima ni sare.

Kutofautiana siyo kuiba

Ulingo una pande nne na majaji wamekaa pande tatu. Mabondia wakigandana kwenye kamba, jaji mmoja anaona ngumi ikizama tumboni na mwingine anaona mgongo tu. Raundi ya wanaume ni dakika tatu, ya wanawake kwa kawaida ni dakika mbili, na jaji hana kioo cha kumrudishia tukio. Zaidi ya hayo, kuna jaji anayethamini ngumi nzito chache na kuna anayethamini nyingi nyepesi. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu.

Mfumo wenyewe pia una kasoro. Raundi uliyoshinda kwa unywele ni 10 kwa 9. Raundi uliyompiga mpinzani dakika tatu mfululizo bila kumwangusha, mara nyingi nayo ni 10 kwa 9. Kwa hiyo bondia anaweza kupoteza raundi tano vibaya, akashinda saba kwa shida, na akatangazwa mshindi kihalali ingawa amepigwa ngumi nyingi kuliko alizopiga. Ukiwa umehesabu ngumi za usiku mzima, utaona wizi. Jaji, aliyetakiwa kuhesabu raundi mojamoja, ametii sheria.

Ndiyo maana tunashauri neno "kaibiwa" lisitumike kwa kila pambano la 115 kwa 113. Litunzwe kwa yale ambayo kadi ya jaji na kilichotokea ulingoni havitazamani kabisa. Nayo yapo.

Mapambano ambayo dunia haijayasahau

Machi 13, 1999, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Lennox Lewis wa Uingereza na Evander Holyfield wa Marekani walikutana kutafuta bingwa mmoja wa uzito wa juu. Wahesabu ngumi waliandika kwamba Lewis alifikisha ngumi 348 na Holyfield 130. Jaji mmoja alimpa Lewis 116 kwa 113. Wa pili aliona sare, 115 kwa 115. Wa tatu alimpa Holyfield 115 kwa 113. Matokeo yakawa sare. Hata mashabiki wa Holyfield wengi walibaki midomo wazi, na vyombo vya sheria vya New York vikaanza kuchunguza. Novemba mwaka huohuo walirudiana Las Vegas na Lewis akapewa ushindi na majaji wote.

Juni 9, 2012, Las Vegas. Manny Pacquiao wa Ufilipino alipigana na Timothy Bradley wa Marekani. Hesabu ya ngumi zilizofika ilikuwa 253 za Pacquiao na 159 za Bradley. Majaji wawili wakampa Bradley 115 kwa 113, mmoja akampa Pacquiao kwa pointi hizohizo. Shirika la WBO, lenye mkanda uliogombaniwa, liliteua majaji watano wapitie mkanda wa video. Wote watano walimwona Pacquiao kuwa mshindi. Je, alirudishiwa ubingwa? Hapana. Matokeo yalibaki yalivyotangazwa, na ilibidi asubiri hadi Aprili 2014 kumshinda Bradley katika marudiano.

Mmoja wa majaji wale wawili alipewa kazi nyingine kubwa Septemba 2013, Floyd Mayweather dhidi ya Saul Alvarez. Mayweather alitawala, na majaji wawili wakampa ushindi wa wazi. Jaji yule akaandika 114 kwa 114. Safari hii kelele zilikuwa kubwa mno, naye akajiweka kando. Jiulize: kama baada ya 2012 angesimamishwa apitie mafunzo upya, ingekuwaje?

Septemba 2017, Alvarez huyohuyo alitoka sare na Gennady Golovkin wa Kazakhstan. Jaji mmoja alimpa Golovkin 115 kwa 113, mmoja aliona 114 kwa 114. Watu wangebishana kuhusu kadi hizo mbili kwa upole. Wa tatu alimpa Alvarez 118 kwa 110, yaani raundi 10 kwa 2, katika pambano ambalo wengi walimwona Golovkin ameshinda. Sasa mnaijua hesabu, na mnaelewa kwa nini kadi ile iliwasha moto.

Na tusidhani wanaobebwa ni wa mbali tu. Juni 1991, bingwa wa Ghana Azumah Nelson, fahari ya Afrika nzima, alitoka sare na Jeff Fenech wa Australia huko Las Vegas, akabaki na mkanda wake wa WBC. Sisi Waafrika tulishangilia. Waaustralia walisema wameibiwa, na walio wengi duniani waliwaunga mkono. Nelson alilimaliza jambo kwa mikono yake mwaka 1992 alipomfuata Fenech kwao Melbourne na kumsimamisha raundi ya 8. Hata hivyo, mwaka 2022, miaka 31 baada ya pambano la kwanza, WBC ilipitia upya pambano hilo na kumtambua Fenech kuwa mshindi. Haki iliyochelewa miaka 31 haimrudishii mtu ujana wake. Na kilio cha "kaibiwa" tunapaswa kukipokea hata kinapotoka upande ambao si wetu.

Mcheza kwao hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watafiti waliipima methali hii katika mapambano ya ubingwa wa Ulaya na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Walitaka kujua: mabondia wawili wakiwa na uwezo sawa, mwenyeji ana nafasi gani ya kushinda?

Pambano likimalizika kwa mtu kupigwa na kushindwa kuinuka, nafasi ya mwenyeji ilikuwa kama 57 katika 100. Hapo hakuna wa kumpendelea, ila kupigana nyumbani kunatia moyo. Refa alipolisimamisha pambano kwa uamuzi wake, nafasi ya mwenyeji ilipanda hadi 66. Na pambano lilipoamuliwa kwa pointi za majaji, ilifika 74. Yaani kadiri macho ya binadamu yalivyopewa nafasi ya kuamua, ndivyo mwenyeji alivyoongezeka bahati.

Hii haimaanishi kila jaji amehongwa. Ukumbi mzima ukinguruma kila mwenyeji anaporusha ngumi, jaji naye ana masikio. Ngumi ya mgeni inapita kimya, ya mwenyeji inapita na shangwe. Baada ya raundi 12, shangwe zile zimeshajiandika kwenye karatasi bila mwandishi kujua.

Mfano mbaya kuliko yote tuliokumbuka siyo wa ngumi za kulipwa bali za ridhaa. Katika Olimpiki ya Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu. Hesabu ya ngumi zilizofika ilikuwa 86 kwa 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa dhahabu mwenyeji. Ubishi ule ulichangia kubadilishwa kwa mfumo. Kuanzia Barcelona 1992 majaji wa Olimpiki walibonyeza vitufe vya kompyuta kila waliyoiona ngumi safi. Wengi waliamini mashine imemaliza tatizo. Lakini kidole kinachobonyeza ni cha binadamu yuleyule, lawama zikaendelea, na baada ya London 2012 vitufe viliachwa, pointi 10 zikarudi.

Mabondia wa Afrika Mashariki wanaoitwa kupigana Ulaya wanaijua methali hii vizuri. Makocha huwaambia: ukiwa ugenini usimwachie jaji kazi. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa kwa muda mfupi kwenda Birmingham, Uingereza, kupigana na Sam Eggington mbele ya watu wa Eggington. Alimshambulia hadi refa akalisimamisha pambano raundi ya 2. Kadi za majaji hazikuhitajika. Ni furaha kwetu, lakini tuseme ukweli: mfumo unaomlazimu mgeni ampige mwenyeji mpaka asiweze kusimama ndipo apate haki yake, ni mfumo wenye ugonjwa.

Nani anamlipa jaji?

Sasa tunafika kwenye mzizi. Mara nyingi dhuluma ya ngumi, inapokuwapo, haianzi raundi ya kwanza. Inaanza wiki kadhaa kabla, siku majina ya majaji yanapopangwa.

Katika mpira, refa anapangwa na chama na analipwa bila kujali nani ameandaa mechi. Katika ngumi za kulipwa, fedha ya usiku ule hutoka kwa promota. Ndiye anayekodi ukumbi, anayelipa mabondia, na kwa mapambano ya ubingwa ndiye anayegharimia nauli, hoteli na malipo ya refa na majaji, hata kama fedha inapitia mikononi mwa kamisheni au shirika lenye mkanda. Na promota huyohuyo mara nyingi ana mkataba na mmoja wa mabondia wawili. Bondia wake akishinda, biashara inaendelea.

Hakuna haja ya bahasha chini ya meza. Jaji anajua kwamba akialikwa tena atasafiri tena. Mashirika makubwa manne, WBA, WBC, IBF na WBO, nayo hupata fedha kwa kukata asilimia ya malipo ya mabondia wanaogombea mikanda yao, kwa hiyo bingwa mwenye jina kubwa ni mtaji kwao. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 2000 mahakama nchini Marekani ilimtia hatiani mwanzilishi wa IBF, Robert Lee, kwa makosa yakiwemo utakatishaji wa fedha na ukwepaji wa kodi, ingawa aliachiwa katika mashtaka mengine. Kesi hiyo ilihusu fedha za mapromota waliotaka mabondia wao wapandishwe kwenye orodha ya viwango. Angalieni mahali ilipokuwa: kwenye orodha, kabla hata glovu hazijavaliwa.

Mwaka huohuo wa 2000 Marekani ilipitisha sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali. Pamoja na mambo mengine, sheria hiyo inataka refa na majaji wa pambano wawe wameidhinishwa na kamisheni ya jimbo, na kila mmoja aieleze kamisheni malipo yote atakayopata kwa kazi ile na yanatoka kwa nani, nauli na hoteli zikiwemo. Haikumaliza matatizo, kwani mapambano ya 2012 na 2017 tuliyoyataja yote yalikuwa Marekani. Lakini swali lake ni sahihi, na ndilo tunalopaswa kuuliza hapa kwetu: jaji huyu kateuliwa na nani, na usiku wa leo anakula kwa nani?

Kwetu kazi hiyo iko mikononi mwa kamisheni. Tanzania ina Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC. Kenya na Uganda nazo zina kamisheni zao za ngumi za kulipwa. Kamisheni yenye nguvu ndiyo inayopanga majaji yenyewe, inatangaza majina yao mapema, inatoa kadi za raundi kwa raundi baada ya pambano, na inamwita jaji aeleze anapoandika kadi ya ajabu. Mambo haya hayahitaji mitambo ya gharama. Yanahitaji karatasi, kalamu na ujasiri.

Haki ya kwanza ni uhai

Hadi hapa tumezungumzia nani ameshinda. Lakini refa ana haki nyingine mkononi, kubwa kuliko mkanda.

Machi 17, 1990, Las Vegas, Meldrick Taylor wa Marekani alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Julio Cesar Chavez wa Mexico kwenye kadi mbili kati ya tatu. Raundi ya 12, ya mwisho, Chavez akamwangusha. Taylor akainuka, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, hakupata jibu la kumridhisha, akalisimamisha pambano. Zilibaki sekunde mbili. Mpaka leo wapo wanaomlaani Steele kwa kumnyang'anya Taylor ushindi. Steele alisimamia jambo moja: hakuna pambano lenye thamani ya maisha ya mtu, na yeye hakuwa akitazama saa bali macho ya bondia. Taylor alitoka ulingoni amevunjika mfupa karibu na jicho na amemeza damu nyingi.

Kwetu kuna jina linaloifanya hoja hii iume zaidi. Katika Olimpiki ileile ya Seoul 1988, Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya uzito wa welta, bondia wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Nchi ilisimama. Baadaye akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Julai 1994, Las Vegas, alikutana na David Gonzales. Katika raundi ya 9, Wangila akiwa anapigwa, refa alilisimamisha pambano. Wangila alilalamika. Aliamini bado ana nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa, hakupona. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tuitafakari habari hiyo polepole. Bondia mwenyewe alisema refa amekosea. Huenda mashabiki nao walizomea. Na damu ilikuwa tayari inavuja ndani ya kichwa chake. Bondia aliyefundishwa maisha yake yote kutokukubali kushindwa hawezi kuwa shahidi wa hali yake. Ndiyo maana sheria imempa mtu wa tatu mamlaka ya kusema basi. Tunapompigia refa kelele aache pambano liendelee kwa sababu tumelipa kiingilio au tumewasha redio, tujue tunamwomba nini.

Refa mwenye haki, basi, ana mizani moja. Anamlinda mgeni kwa haraka ileile anayomlinda mwenyeji. Ile 66 katika 100 ya watafiti inatuonya kuhusu hilo. Mgeni akisimamishwa mapema na mwenyeji akaachwa apigwe kwa matumaini kwamba atazinduka, wote wawili wamedhulumiwa, mmoja ushindi na mwingine afya.

Wewe msikilizaji ufanye nini?

Pambano lijalo, chukua karatasi. Chora safu mbili, nyekundu na bluu, na mistari kwa idadi ya raundi. Kila raundi ikiisha, andika 10 kwa mmoja na 9 kwa mwingine kabla hujamsikia mtu yeyote akitoa maoni, tukiwemo sisi. Ukiandika, usirudi nyuma kufuta. Mwisho jumlisha. Ukiwa na jirani, kila mtu aandike yake na msionyeshane. Mtashangaa jinsi watu wawili waaminifu, kwenye redio moja, wanavyoweza kupishana raundi mbili au tatu.

Matokeo yakitangazwa, linganisha. Ukipishana na majaji kwa raundi moja au mbili, bondia wako kashindwa, na hayo ndiyo maisha. Ukipishana na jaji mmoja kwa raundi tano huku wenzake wawili wamekaa karibu na wewe, hapo una swali halali. Tutumie kadi yako kwa namba ileile ya ujumbe mnayoijua, ikiwa na raundi zako zote, siyo neno "kaibiwa" peke yake.

Na sisi tunaahidi upande wetu. Ngumi ikiishia kwenye glovu, tutasema imeishia kwenye glovu, hata kama aliyeirusha ni wa kwetu. Majina ya majaji na wanakotoka tutayasoma kabla ya kengele ya kwanza. Na refa akilisimamisha pambano kumwokoa mtu, hamtatusikia tukimzomea.